Tangi Jipya Likigeuka Kahawia, Tusikimbilie Brashi



Leo tuanze na kisa cha bi harusi mmoja jirani yetu. Hata miezi miwili hajatimiza nyumbani kwake, mumewe alimwekea ukumbini tangi la samaki la maji ya chumvi. Kioo kizuri, taa ya buluu, mchanga mweupe, na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wiki ya tatu mchanga ukaanza kufanya rangi ya kahawia, kama umemwagiwa unga wa kahawa. Wiki ya nne kioo chote kikafanya utando. Na Ijumaa ile mawifi walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana.

Alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Usiku wa kuamkia Ijumaa aliwatia samaki ndooni, akamwaga maji yote, akauosha mchanga kwa maji ya bomba, akasugua mawe, akalifua chujio mpaka likawa jeupe. Mawifi walipofika tangi linang'ara, wakasifu. Jumapili samaki mmoja akafa. Jumanne akafuata wa pili.

Hatumsemi kwa ubaya, maana hakuna aliyemfundisha. Aliyewauzia tangi aliwauzia na samaki siku hiyo hiyo, basi. Lakini rai yetu ni hii, na tunaisema wazi: tangi jipya likigeuka kahawia halijaharibika. Kinachoharibu ni haraka yetu ya kutaka lionekane safi mbele za watu.

Tueleze kwa nini. Samaki anakula na anajisaidia humo humo, na uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara kidogo zaidi. Bakteria hao hawaonekani kwa macho, na makazi yao ni kwenye mawe, mchanga na chujio. Tangi jipya huchukua kama wiki nne mpaka sita kuwapata wa kutosha. Klorini ya maji ya bomba huwaua, na hata maji yasiyo na chumvi huwadhuru. Bi harusi wetu alipofua kila kitu kwa usiku mmoja, alifuta kazi ya mwezi mzima, kisha akawarudisha samaki katika maji yasiyo na wa kuyasafisha.

Na ule ukahawia? Mara nyingi huwa ni diatomu, vimea vidogo sana vinavyojenga maganda yao kwa silika iliyomo katika maji na mchanga mpya. Silika ikipungua, navyo hupungua vyenyewe, aghalabu ndani ya wiki chache. Baadaye unaweza kuja ukijani, pengine wa nyuzi kama nywele. Huo unafuata mwanga mwingi na chakula kilichozidi.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Mama zetu wa Paje na Jambiani wanalima mwani na kusomesha watoto kwa mwani. Wao wanajua kwamba mwani unataka jua na maji yenye rutuba, na ukivipata huota. Ndani ya kioo kanuni ni ile ile. Ukiacha taa inawaka mchana kutwa na usiku, ukamwaga chakula kila mgeni anapoingia ili watoto waone samaki wakigombania, basi umelima shamba ukumbini, usishangae likistawi.

Kwa hiyo la kufanya ni kupunguza. Taa iwe saa sita mpaka nane kwa siku, na tangi lisikae penye jua la dirisha. Chakula kiwe kidogo, kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Badilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki, na maji mapya yawe yamechujwa vizuri na kutiwa chumvi maalumu ya matangi, si chumvi ya jikoni. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki, kwa hiyo yajazie kwa maji matamu yaliyochujwa. Kioo cha mbele ndicho unachoweza kukifuta, kwa sifongo jipya lisiloguswa na sabuni. Chujio lisuuze katika ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, si chini ya bomba. Ukiona mawe yanafanya gamba la rangi ya waridi, liache, hiyo ni dalili njema. Tangi likishatulia, konokono wachache watakusaidia kula ukijani. Na dawa za kuua mwani zisiwe mbio zako za kwanza. Mwani ukifa kwa wingi huoza humo humo, na uozo huo ni chakula cha mwani mwingine.

Kuna watakaosema: samaki ni samaki, si tunawakaanga kila siku? Kweli, Mwenyezi Mungu katuhalalishia kuwala. Lakini kumla ni jambo moja, na kumfungia akateseka kwa pambo ni jambo jingine. Sote tumesomeshwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Na tumesomeshwa pia jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomuuliza kwa upole mtoto Abu Umayr habari za ndege wake mdogo. Wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kuweka kiumbe nyumbani, kwa sharti la kumtunza. Aliyemo ndani ya kioo hawezi kwenda kutafuta maji mengine. Yuko mikononi mwako, ni amana.

Ndiyo maana tunawaambia mabiharusi na waume zao: kama hamwezi kungoja mwezi mmoja na nusu na tangi tupu lenye maji, mawe na mchanga tu, basi msinunue. Kama umeme ukikatika hamna njia ya kuendesha pampu, fikirini tena. Pesa iliyotumika kwa kitu kitakachokufa baada ya wiki tatu ni israfu, hata kikiwa kizuri namna gani. Na tafadhalini, msimtume kijana kung'oa matumbawe baharini ili kupamba tangi. Matumbawe yetu yaliumia vya kutosha mwaka 1998 bahari ilipopata joto, na ndiyo nyumba ya samaki wanaolisha visiwa hivi.

Kwa yule ambaye tangi lake limeshageuka kahawia na wageni wako njiani, ushauri wetu ni mwepesi: futa kioo cha mbele, zima taa, tandika chakula. Wifi akiuliza mbona tangi chafu, mjibu kwa bashasha kwamba bado jipya, linajijenga. Nyumba mpya nayo ina wiki zake za ukahawia, na somo alikwambia usihangaike kuficha kila kitu. Waliokuja kwa mapenzi watakula, watacheka, watarudi. Na siku watakaporudi, inshaallah, watakuta maji meupe na samaki wako hai.

Mwenyezi Mungu atupe subira na atujaalie tuwe wenye huruma kwa kila tulichokabidhiwa. Amin.