Tusilipie jina, tulipie dawa

Vumbi la Goma halichagui mtu. Motari, mama muuzaji wa soko la Virunga, mtoto wa Majengo: wote wanapiga chafya, wote macho yanawasha. Kisha ku farmasi wanaulizwa: "Unataka ya kweli ama jeneriki?"

Wandugu, hilo swali limekaa vibaya. Jeneriki nayo ni dawa ya kweli. Zyrtec ni jina la biashara. Dawa iliyo ndani ni setirizini. Clarityne ni loratadini. Kampuni iliyovumbua dawa inapewa haki ya kuiuza peke yake kwa miaka. Haki ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza. Havikulipia utafiti wa kwanza, ndiyo maana bei inashuka. Kinini cha setirizini cha miligramu 10, kikitengenezwa vizuri, kinafanya kazi ileile, hata kama sanduku halipendezi.

Adui yetu ni dawa bandia, na hiyo si jeneriki. Hapa jirani, Ituri, tangu Desemba 2014 hadi Agosti 2015, watu zaidi ya 1000 walikakamaa shingo na uso. Vinini vyenye lebo ya diazepamu ndani vilikuwa na haloperidoli. Mwaka 2017, OMS ilisema katika nchi za mapato madogo na ya kati, karibu dawa 1 kwa 10 ni bandia ama haina ubora. Jina kubwa halitukingi: mwenye kubandika lebo ya uongo anaweza kubandika lebo yoyote.

Tangu benki zilipofungwa, Januari 2025, kila franga mu nyumba inahesabiwa. Basi:

Wewe kijana, uliza jina la dawa yenyewe na miligramu. Soma tarehe na nambari ya loti. Vinini vya kuhesabiwa mkononi barabarani, acha. Motari, klorfenamini inaleta usingizi. Usinywe kisha ukapanda pikipiki. Na kama pumzi inakata, kimbia hospitali, usingoje kinini.

Wenye farmasi, bandikeni bei mbele, na mseme wazi kama jeneriki iko.

Na wale wanaokuja kuchukua kodi ku farmasi, waje pia kukagua dawa, tena matokeo wayatangaze mbele ya watu. Kodi tunalipa. Ukaguzi tunaudai.