Ndege wa bahari mwenye jeraha asiletwe kwenye kuku

Mama mmoja wa huku kwetu Misugusugu ana kijana anayefanya kazi kwenye yoti ya watalii, na hulala humo humo kwa wiki kadhaa mfululizo. Juzi kijana alimpigia simu usiku. Ndege mkubwa alikuwa amevamia chambo cha mshipi waliokuwa wakiukokota nyuma ya boti, ndoana ikamnasa bawani, naye akamweka kwenye ndoo. Alitaka kumleta nyumbani ili mama amuuguze. Mama akaja kuniuliza ampe chakula gani.

Nilimwambia chakula kingoje. Kwanza tuongee kuhusu kuku 18 walioko uani, na wajukuu wanaocheza nao.

Kwa maelezo ya kijana, mweupe, mbawa zenye ukingo mweusi, mdomo wa manjano, huyo ni wa aina inayozaliana Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kusini mwa Unguja. Hujirusha kutoka juu kufuata samaki, ndiyo maana hunaswa. Ndege wa bahari wanaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege, H5N1. Mwaka 2022 huko Bass Rock, Uskochi, virusi hivyo viliua maelfu ya ndege wa ukoo huo huo. Sisemi kila anayetua botini ni mgonjwa. Wengi wamechoka tu, hulala na kuondoka alfajiri. Ila kumpakia kwenye basi hadi Misugusugu na kumlaza jikoni, hapana. Na akiwa anatetemeka au amepinda shingo, asiguswe kwa mikono mitupu.

Kijana tulimpigia pale pale. Kazi hiyo ni ya watu wawili wenye glavu. Mmoja amfunike kichwa kwa taulo na kuzibana mbawa mwilini, uso wake ukiwa mbali, maana ndege huyu hudonoa macho. Mdomo usifungwe kwa kamba wala mpira: aina hii haina matundu ya pua yaliyo wazi, hupumua kupitia mdomoni. Ndoana isivutwe kurudi nyuma. Isukumwe mbele mpaka kijino chake kitokeze, kikatwe kwa koleo, ndipo irudishwe. Kama ameimeza, msiivute kabisa. Kateni mshipi, mwache kipande kirefu nje ili daktari aifuate.

Kisha boksi la katoni lenye matundu, taulo chini, mahali penye giza na kimya, mbali na injini. Maji asinyweshwe. Tundu la koo la hewa liko nyuma tu ya ulimi, na maji ya huruma huishia kwenye mapafu. (Mama alishtuka hapa, maana vifaranga wake huwanywesha kwa kijiko.)

Asubuhi boti ilipofika nchi kavu walimkabidhi kwa daktari wa mifugo. Ukiwa mbali na daktari, tafuta afisa mifugo au afisa wanyamapori wa halmashauri. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali, hata kama umemwokota ukimhurumia.

Kijana mwenyewe alidonolewa kidoleni, akawa anakiita kijikwaruzo. Jeraha hilo lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama ni la kina akaulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Akipata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10, aende hospitali na aseme mwenyewe kwamba alishika ndege wa porini. Asiposema, atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Ile ndoo nayo isirudi jikoni kuchotea maji. Ioshwe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini, ianikwe juani.