Pimeni lita kabla ya kumpima nesi

JICHO LA MTONI
Na Zaituni Pazi

Kipo kidude chenye ukubwa wa kitambulisho cha kazini, hubandikwa kifuani mwa nesi au daktari. Akikaribia kitanda cha mgonjwa, taa yake hubadilika rangi kumkumbusha atakase mikono. Akishapaka kitakasa na kusogeza kiganja karibu na beji, kihisi kilichomo ndani hunusa mvuke wa spiriti, taa ikageuka kijani, na mgonjwa aliyelala pale akaiona kwa macho yake. Vipo vingine vya kuvaa mkononi kama saa, vinavyotambua jinsi viganja vinavyosuguana, na vingine vinavyowasiliana na chupa iliyo ukutani ili kompyuta ijue nani ameibonyeza na nani amepita tu. Hospitali za Marekani na Kanada zinavijua vifaa vya namna hii kwa miaka mingi.

Wanaotaka nasi tuvilete wana hoja, na inastahili kusikilizwa vizuri. Mwanamke wa Mtoni kwa Azizi Ally aliyefikishwa leba usiku, uchungu umemshika, hawezi kumwambia sista, "Samahani, umetakasa mikono?" Ataonekana mjuaji, na anajua kwamba maisha yake na ya mwanawe yamo mikononi mwa huyo huyo anayetaka kumuuliza. Mama mkwe aliyemsindikiza naye hatauliza. Ataamkia, atakabidhi beseni na mfuko wa vifaa, kisha atarudi kukaa kwenye benchi. Taa ya kijani ingeuliza kwa niaba yao, bila kumvunjia mtu heshima.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Ukimweka mkaguzi wodini na karatasi na kalamu ahesabu nani ananawa, wanaohesabiwa hubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya vihisi vilivyohesabu kila mara kitakasa kilipobonyezwa. Pale ambapo mkaguzi alikuwa akionekana, watumishi walibonyeza karibu mara tatu zaidi ya pale asipoonekana. Takwimu za mkaguzi wa namna hiyo ndizo zinazopamba taarifa nyingi za unawaji mikono. Mashine haiwezi kudanganywa kirahisi hivyo, nakubali.

Lakini jirani zetu wa Zanzibar walishashiriki utafiti ambao ningependa kila anayefikiria kuagiza beji ausome kwanza. Ulichapishwa mwaka 2019, ukiongozwa na mtafiti Giorgia Gon wa London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzake wa Zanzibar. Walikaa katika wodi 10 za kujifungulia, wakawaangalia wahudumu 104, wakaandika nyakati 781 ambazo mhudumu alitakiwa awe na mikono safi kabla ya kufanya jambo linaloweza kumwingizia mama au mtoto vijidudu. Mikono ilinawiwa au kutakaswa katika asilimia 24.6 tu ya nyakati hizo. Ukitafuta nyakati ambazo mikono ilitakaswa, glovu zikavaliwa, na mama akafikiwa bila kuzichafua tena, zinabaki asilimia 9.6.

Hiyo namba ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Katika nusu ya nyakati ambazo mikono ilitakaswa au glovu zilivaliwa, mikono ilichafuliwa tena kabla ya tendo lenyewe. Aliyewahi kuingia leba anaweza kuona inavyotokea. Mkunga anatakasa mikono, anavaa glovu, mama anapiga kelele kwamba mtoto anakuja. Kamba ya kufungia kitovu iko ndani ya mfuko aliokuja nao mama, chini ya khanga na pamba. Mkunga anaufungua, anavuta pazia, anashika ukingo wa kitanda, na glovu zile zile ndizo zinazompokea mtoto. Angekuwa amevaa beji, taa yake ingekuwa ya kijani muda wote huo.

Kihisi kinajua kwamba spiriti imegusa kiganja. Hakijui kiganja kimegusa nini baadaye, wala kwa nini kimelazimika kugusa.

Mkunga anajua vizuri anachotakiwa kufanya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009 wenye nyakati tano za kutakasa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo linalohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kinachomshinda ni mpangilio wa kazi. Vifaa havikutandazwa mapema, chupa iko mbali na kitanda, na zamu moja ina mama wengi kuliko mikono. Kama kila mfuko wa vifaa ungefunguliwa na kupangwa kwenye trei mama anapopokelewa, kabla uchungu haujakolea, nusu ile ya Zanzibar ingeanza kupungua bila betri hata moja.

Marekani nako kuna somo ambalo wauzaji wa mitambo hii hawana haraka ya kulisimulia. Mtafiti Bradley Staats na wenzake walifuatilia hospitali 42 zilizoweka vihisi vya kumtambua kila mtumishi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017. Mwanzoni utakasaji ulipanda sana. Baadaye ukaanza kushuka taratibu. Na pale ufuatiliaji ulipositishwa, utakasaji ukaanguka chini ya kiwango cha siku ile ambayo vihisi vilikuwa havijawekwa kabisa. Sisi tunaoishi na miradi ya miaka mitatu, mfadhili akifunga virago gari linabaki bila matairi, tuna sababu ya kuliogopa hilo kuliko Wamarekani. Utafiti mwingine wa kundi hilo hilo ulionyesha kwamba katika zamu ya saa 12, utakasaji hushuka kwa wastani wa pointi 8.7 za asilimia kutoka mwanzo hadi mwisho wa zamu. Mtu amechoka. Kumwashia taa nyekundu saa ya kumi na moja ya zamu hakumpumzishi.

Sasa niseme ninachokitaka. Hospitali Kuu ya Geneva, Uswisi, ilianza kampeni yake katikati ya miaka ya 1990, ikiongozwa na daktari Didier Pittet, bila beji ya mtu yeyote. Walisogeza chupa za kitakasa hadi kwenye vitanda, wakawapa watumishi chupa ndogo za mfukoni, wakabandika mabango. Utakasaji ukapanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Pia walihesabu lita. Kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulala, matumizi ya kitakasa yalipanda kutoka lita 3.5 mwaka 1993 hadi 15.4 mwaka 1998. (Walioongeza juhudi walikuwa manesi. Madaktari hawakubadilika sana. Beji zikifika Temeke, naomba za kwanza wapewe madaktari bingwa.)

Shirika la Afya Duniani nalo lina kipimo chake cha lita, angalau 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Hiyo ni mililita 20 kwa mgonjwa mmoja kwa siku. Wodi yenye wagonjwa 50 ingetumia lita moja kila siku, lita 30 kwa mwezi. Kama leja ya stoo inaonyesha lita tano, hakuna haja ya kumvalisha nesi chochote kifuani ili tujue mikono haitakaswi. Kitakasa hakikufika wodini, na swali la kwa nini ni la mganga mfawidhi na la anayeidhinisha manunuzi.

Uhitaji wa kitakasa ni mkubwa zaidi katika mji wetu huu wa Dar es Salaam. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao wa maji, watu wa Temeke tulirudi kwenye madumu, na bomba la zahanati halipendelewi kuliko la nyumba ya jirani yake. Mikono isiyo na damu wala uchafu unaoonekana inaweza kutakaswa kwa spiriti kwa sekunde 20 hadi 30, bila tone la maji. Kunawa kwa sabuni kunataka sekunde 40 hadi 60 na bomba linalotoka. Shirika la Afya Duniani pia limetoa fomula ya kitakasa wazi: ethanoli asilimia 80, gliserini kidogo kulinda ngozi, na haidrojeni peroksaidi kuua vijidudu vinavyoweza kuwemo ndani ya chupa. Famasi ya hospitali yenye mtaalamu inaweza kuichanganya. Uganda, kampuni ya Saraya inatengeneza kitakasa kwa spiriti ya molasi ya miwa. Miwa tunayo, Kilombero na Mtibwa.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Katika utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 65 kati ya 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa walipata maambukizi kwenye kidonda. Mikono peke yake haikuyasababisha yote, ila ni njia mojawapo ya vijidudu ambayo tunaweza kuifunga wiki hii.

Sivikatai vihisi. Vifungwe kwenye matenki ya maji na kwenye chupa za kitakasa, vimpigie kelele msimamizi zinapokaribia kukauka. Na ikiwa siku moja vitavaliwa na watu, matokeo yasomwe kwa wodi nzima, si kwa jina la sista fulani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hatua za mtumishi kazini ni taarifa zake.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya vya umma vinapokea fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati za usimamizi wa vituo zina wajumbe kutoka mitaani kwetu. Mjumbe wa Mtoni, wa Mtongani, wa Mbagala, kwenye kikao kijacho omba leja ya kitakasa ya miezi mitatu iliyopita na idadi ya siku walizolala wagonjwa. Zidisha siku hizo kwa mililita 20, kisha linganisha na kilichotoka stoo, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.