Dolores del Río Hakurudi Kwao kwa Kushindwa

Uko mtindo wa kusimulia maisha ya Dolores del Río ambao sisi tunaukataa. Husemwa kwamba mwigizaji huyu wa Meksiko, aliyezaliwa Durango mwaka 1904 na kufariki mwaka 1983, alifika kileleni Hollywood, kisha nyota yake ikafifia, akarudi kwao kumalizia kazi. Kwa simulizi hiyo, Kiingereza ndicho kilele na Kihispania ni bonde. Walimu wa lugha hatuna budi kuipinga, maana inapotosha historia na fikra pia.

Natutazame alichopewa huko. Alikwenda Hollywood mwaka 1925, filamu zikiwa bado bubu. Uso ulitosha, hakuna aliyeuliza lafudhi. Katika What Price Glory (1926) alikuwa Mfaransa. Katika Resurrection (1927), Mrusi. Filamu zilipoanza kusema, lafudhi ikawa hukumu. Bird of Paradise (1932) ilimfanya binti wa visiwani, na Flying Down to Rio (1933) ikamfanya Mbrazili. Uzuri wake ulisifiwa mno, lakini daima alibaki mgeni, na mgeni hakabidhiwi funguo za nyumba.

Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 38, alitokea katika Flor silvestre, filamu yake ya kwanza ya Kimeksiko, iliyoongozwa na Emilio Fernández. Mwaka huohuo wakatengeneza María Candelaria, kisa cha muuza maua wa Xochimilco, ambayo mwaka 1946 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizopewa tuzo kuu Cannes. Tuzo ya Ariel, iliyo kubwa katika sinema ya Meksiko, aliipata mara tatu: kwa Las abandonadas, Doña Perfecta na El niño y la niebla, ambayo chanzo chake ni tamthilia ya Rodolfo Usigli. Jukwaani nako aliigiza kwa Kihispania. Je, huku ndiko kufifia?

Tutajibiwa kwamba sifa ya Hollywood ndiyo iliyomfungulia mlango. Ni kweli ilimpa jina. Lakini jina si kazi. Aliporudi kuigiza Marekani katika Flaming Star (1960), alipewa tena nafasi ya mama wa Kihindi Mwekundu. Jina lilikuwa kubwa, nafasi ikawa ileile.

Wengine watasema kwamba katika María Candelaria binti wa matajiri alijivika umaskini wa wenyeji, na kwamba hicho nacho kilikuwa kinyago. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuikwepi: lugha ya kwao haimtakasi msanii. Hata hivyo, kinyago kilichochongwa nyumbani wenye nyumba wanaweza kukihukumu na kudai kingine. Kilichochongwa ugenini huwajia kimekwisha kupakwa rangi.

Hatusemi kwamba mwacha asili ni mtumwa; Dolores hakuwa mtumwa wa mtu. Tunasema kwamba lugha ya kigeni ilimpa umashuhuri, na lugha yake ikampa watu kamili wa kuwaigiza.

Ndugu walimu, mwanafunzi akidai kwamba tamthilia ya Kiswahili ni ngazi tu ya kupandia kwenye Kiingereza, mpeni miaka hii na majina haya ya filamu. Ayapange mwenyewe, kisha mwulizeni kilele kilikuwa wapi.