Stesheni Mbili za Italia na Mtu Avaaye Sare

Wako watu wasemao kwamba msafiri aendaye Ulaya pamoja na mke na watoto hana haja ya kuitazama misiba. Watoto, husema watu hao, waonyeshwe makanisa makubwa, maziwa na milima ya theluji, kisha warudi nyumbani na picha nzuri. Sisi tuliopita Italia ya kaskazini kwa treni na tramu, toka Torino hadi Milano na toka Milano hadi Bologna, hatukuyafuata maoni hayo. Ningependa kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu, hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, sababu zake.

Sisemi kwamba starehe ni dhambi. Treni ya kawaida toka Torino hadi Milano huchukua karibu saa mbili, nayo hupita Vercelli na Novara katikati ya mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, hata watoto wetu wakadai kwamba tumerudi Afrika. Torino yenyewe si mji mgeni kabisa kwetu. Ndiko alikozaliwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Italia katika Afrika Mashariki na ambaye alisalimu amri Amba Alagi mwezi wa Mei 1941. Katika vita hivyo walipigana askari wa KAR toka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, na askari wa Force Publique ya Kongo ambao mbele yao Waitalia walisalimu amri kule Saio. Amedeo alifia Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita, na kaburi lake liko Nyeri.

Milano tulizunguka kwa tramu, yaani magari ya reli yapitayo barabarani kati ya motokaa na watu. Baadhi yake yalianza kutengenezwa mwaka 1928 na bado yanafanya kazi, yenye mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa na vizazi vitatu. Ndani hamna konda. Abiria hugonga tikiti yake mwenyewe katika mashine, au huigusisha kadi, kisha huketi. Baadhi ya wasafiri wetu hurudi wakisema kwamba Wazungu ni waaminifu kwa asili. Hayo ni maneno ya mtu asiyetazama, kwani wasiolipa wako kule pia, na wakaguzi huingia ghafula kuwasaka. Lililonipendeza mimi ni jambo jingine: mkaguzi amtozaye mtu faini hupaswa kuandika karatasi ya kosa, na mwenye kutozwa aweza kuipeleka kulalamika. Mwenye mamlaka naye huacha nyayo zake mahali ambapo mwingine ataweza kuzifuata.

Nimeyataja haya makusudi, kwa kuwa stesheni kubwa ya Milano inatufundisha kwamba karatasi peke yake haitoshi. Jengo hilo kubwa lilifunguliwa mwaka 1931. Abiria hupanda juu zilipo treni, chini ya matao makubwa ya chuma, wala wengi hawajui kwamba chini ya miguu yao kuna reli nyingine. Huko zamani yalipakiwa mabehewa ya posta, na lifti ikayapandisha juu yaunganishwe na treni. Kuanzia Desemba 1943 hadi Januari 1945 lifti hiyo iliwapandisha watu. Tarehe 30 Januari 1944 Wayahudi zaidi ya 600 walitolewa gereza la San Vittore, wakajazwa katika mabehewa ya mizigo gizani, wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 22. Mmoja wao, Liliana Segre, alikuwa na umri wa miaka 13, naye mwaka 2018 aliteuliwa kuwa seneta wa maisha. Mahali hapo sasa ni kumbukumbu ya taifa, na ukutani limechongwa kwa herufi kubwa neno moja tu: kutojali. Mwaka 2015 walinzi wa kumbukumbu hiyo waliifungua usiku ili wakimbizi walale humo, wakiwemo Waeritrea wengi.

Mtoto wetu mdogo aliuliza, "Baba, dereva wa treni alijua?" Ni swali gumu, lakini si gumu kama lile la askari. Wako wapendao kuamini kwamba kazi hiyo yote ilifanywa na Wajerumani. Sivyo. Tarehe 30 Novemba 1943 wizara ya mambo ya ndani ya serikali ya Mussolini ilitoa amri ya polisi namba 5, kwamba Wayahudi wote wakamatwe na kupelekwa kambini. Walioitekeleza, wakibisha mlango baada ya mlango, walikuwa pia Waitalia wenye sare. Amri ilikuwa na namba, tarehe na sahihi, na kwa jicho la karani haikupungukiwa na kitu. Leo Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 wasema wazi kwamba amri ya kuangamiza kabila, au ya kutenda jinai dhidi ya ubinadamu, ni haramu dhahiri, wala mtu hawezi kujitetea kwamba aliitii tu. Kwa maoni yangu, kifungu hicho cha 33 kingepasa kusomwa kwa sauti katika kila kambi na kila kituo cha polisi, mara moja kila mwaka.

Bologna msiba ni wa namna nyingine. Tarehe 2 Agosti 1980, saa 4 na dakika 25 asubuhi, bomu lililipuka katika chumba cha kungojea cha daraja la pili, stesheni ikiwa imejaa familia ziendazo likizo. Walikufa watu 85, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Angela Fresu alikuwa na miaka mitatu. Magari ya wagonjwa hayakutosha, basi la njia namba 37 likatundikwa mashuka madirishani na kubeba maiti siku nzima. Saa ya ukuta wa nje imesimamishwa palepale.

Lakini yanayotuhusu zaidi yalitokea baadaye. Januari 1981 ndani ya treni iliyofika Bologna lilikutwa sanduku lenye silaha na baruti, pamoja na vitu vya kuwaelekeza wachunguzi kwa wageni. Liliwekwa humo kwa mpango wa maofisa wa idara ya upelelezi ya jeshi lenyewe. Mwaka 1995 mahakama ya juu iliwafunga maisha Valerio Fioravanti na Francesca Mambro, wa kundi la kifashisti, ambao wamekana daima; na katika hukumu hiyohiyo jenerali mmoja na kanali mmoja walipata vifungo kwa kuupotosha uchunguzi. Hukumu nyingine za maisha zilithibitishwa mwaka 2025. Ni miaka 45 ya mama na baba kungoja! Mhalifu atendaye ubaya hajaapa kumlinda mtu. Ofisa aundaye ushahidi wa uongo amekula kiapo, analipwa mshahara wa umma, na hutumia imani ileile ya raia kuwaficha wauaji. Mimi namhesabu kuwa mbaya zaidi.

Mjini Vicenza, katika eneo lilelile la kaskazini, tangu mwaka 2005 iko shule ya Carabinieri inayofundisha polisi wa nchi nyingi, pamoja na za Afrika, kazi ya kulinda amani. Ndugu atakayepelekwa huko atakuwa na siku zake za mapumziko. Akibadili treni Padova ataweza kwenda Bologna asubuhi na kurudi jioni, na chumba kile kiko upande wa jukwaa la kwanza, wazi kwa kila mtu.