HESABU ZA CHUO KIKUU NA MFUKO WETU WA MASOMO



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri ambalo halikupata kumalizika kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha, nalo litarudi mbele yetu katika mkutano ujao. Shauri lenyewe ni hili: kwamba Mfuko wetu wa Masomo usiwasaidie tena vijana wanaosoma hesabu katika Chuo Kikuu, bali fedha zote ziende kwa wasomao udaktari, sheria na uwekaji wa vitabu vya fedha. Aliyelileta ni mtu mzima wa heshima, naye alikuwa na sababu. Mwanawe alikuwa wa kwanza darasani miaka yote ya shule, alipomaliza mwaka wa kwanza wa Chuo alirudi na alama za chini, akamwambia babaye, "Hesabu za kule si hizi nilizozijua."

Twaona kuwa kijana alisema kweli, wala hakuna aliyempa habari kabla ya kwenda. Kosa hilo ni letu sisi wazee wake.

Shuleni mtoto hupewa kanuni, akaitumia, akapata jibu. Akilipata upesi husifiwa. Chuoni huulizwa, "Wajuaje kuwa kanuni hiyo ni kweli, tena ni kweli daima?" Katika kalkulasi, katika aljebra, katika elimu ya namba, kazi ya mwanafunzi si kutafuta jibu peke yake, bali ni kutoa uthibitisho, yaani maneno yafuatanayo hatua kwa hatua hata asiwepo mtu wa kuyapinga.

Mwanachama ye yote na achukue kalamu ajaribu. Twaa namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ile ile, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 wapata 43. 2 yatoa 47. 3 yatoa 53. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea hata 39, hutaona hata moja iliyokosa. Ni nani asiyesema, "Basi, ni hivyo siku zote"? Lakini 40 yatoa 1681, nayo ni 41 mara 41.

Sisi makarani twalijua jambo hili kuliko watu wengi. Mkaguzi hakubali kuambiwa ya kuwa hati 39 za malipo ni sahihi, kwa hiyo na ya 40 ni sahihi. Ataka kuiona. Lakini namba hazina mwisho, wala hakuna awezaye kuzipitia zote moja moja. Ndiyo sababu uthibitisho wahitajiwa, maana huo ni ukaguzi wa hati zote kwa mara moja. Kwa mfano, kila namba witiri ni jozi kadhaa na moja iliyobaki. Ukijumlisha witiri mbili, yale mabaki mawili huwa jozi. Basi jumla haina budi kuwa shufwa, hata kama namba zenyewe ni kubwa namna gani.

Tena yuko shahidi aliyekuwa mtu wa kazi kama yetu. Srinivasa Ramanujan aliingia ukarani katika ofisi ya bandari ya Madras, Uhindi, mwaka 1912, kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Hapo kwanza alikuwa amenyang'anywa msaada wa masomo chuoni, kwa kuwa alishughulika na hesabu akaanguka katika masomo mengine. Mwaka 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge barua iliyojaa kanuni zisizo na uthibitisho. Nyingi zilikuwa za kweli na za ajabu. Lakini baadhi ya zile alizotoa juu ya namba tasa zilikuwa na makosa. Alifika Cambridge 1914, akapata digrii 1916, na 1918 akachaguliwa kuingia katika Royal Society ya London. Ikiwa mtu wa akili namna ile alihitaji kujifunza uthibitisho, kijana wetu aone haya kwa nini?

Wala tusishikwe mno na habari ya nafasi. Huko Cambridge hata mwaka 1909 majina ya waliofaulu hesabu yalitangazwa kwa kufuatana, wa kwanza hata wa mwisho, na vijana walizoezwa kujibu upesi kama farasi wa mashindano. Hardy mwenyewe alikuwa wa nne mwaka 1898, na bado alikuwa miongoni mwa walioipinga desturi ile hata ikakomeshwa.

Wako wasemao kuwa elimu hii haina faida. Hardy naye alidhani kuwa elimu ya namba haina kazi duniani, akaandika hivyo mwaka 1940. Lakini mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, huko Massachusetts, walionyesha jinsi namba tasa ziwezavyo kufunga siri za barua, na njia hiyo imetumika kulinda habari na fedha zipitazo katika mitambo.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, Mfuko usimwache mwanafunzi wa hesabu kwa alama za mwaka wa kwanza, bali umngoje hata mwisho wa wa pili. Pili, kila kijana aendaye kusoma hesabu aketi kwanza na mtu aliyepita njia hiyo, aambiwe mapema kitakachomkuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ni wajibu wetu kumwambia kuwa kitu ki mvunguni, asije akakitafuta juu ya kitanda mwaka mzima.

Siku ya kupiga kura, kila mwanachama na aje na karatasi yake ya namba, kutoka 1 hata 40. Ajaribu mwenyewe, kisha anyoshe mkono.