Achana na Tom Cruise, mtazame dogo wa jezi ya kahawia

Kama ulitazama Top Gun: Maverick ilipotoka mwaka wa 2022, najua ulichokiona. Miwani myeusi, pikipiki, koti la ngozi na mzee aliyekataa kustaafu. Ukatoka hapo ukiamini kwamba manowari ya kubeba ndege ni ya marubani kumi hivi wenye meno meupe, na wengine wote wako pale kupiga makofi.

Mimi nataka tuongee kuhusu hao wengine. Nimekuwa nikiwasoma kwa miaka kadhaa sasa, tangu nilipoacha chuo nikabaki na muda mwingi na bando la usiku. Kadiri ninavyowasoma ndivyo ninavyoamini wana jambo la kutuambia sisi tunaoambiwa kila siku kwamba hatujakomaa. Wana jambo pia la kutuonya, lakini hilo tutalifikia.

Hebu nikupe picha. Manowari moja ya Marekani ya aina hii ina urefu wa zaidi ya mita 330 na hubeba karibu watu 5,000 ikiwa na ndege zake zote. Juu kwenye sitaha, ndege inarushwa kwa manati ya mvuke, kutoka sifuri hadi zaidi ya kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde mbili hivi. Ikirudi, inanasa kebo ya chuma kwa ndoano iliyo mkiani na kusimama ndani ya muda uo huo. Rubani akigusa sitaha hakanyagi breki. Anaongeza moto hadi mwisho, kwa sababu ndoano ikikosa kebo zote lazima apae tena, la sivyo ni baharini. Na pembeni kuna propela zinazozunguka na injini zinazoweza kumfyonza mtu mzima, wakati mwingine usiku wa manane meli ikiyumba.

Sasa uliza ni nani anaendesha shughuli hiyo pale chini. Ni madogo. Wengi wana miaka 19, 20, 21.

Wanatambuana kwa rangi ya jezi, maana kelele zile hazikuruhusu uulize mtu jina. Zambarau ni watu wa mafuta, na wenzao huwaita zabibu. Nyekundu ni mabomu na kuzima moto. Njano ndiye anayeelekeza ndege ipite wapi, kwa ishara za mikono, kama makanga anayerudisha matatu nyuma pale Railways, ila hii imebeba makombora. Kijani ni manati, kebo na ufundi. Nyeupe ni usalama na matibabu.

Kahawia ndiye ninayempenda mimi. Huyu amekabidhiwa ndege. Anaikagua, anaisafisha, anaifunga minyororo, anajua kila msumari wake. Rubani, ambaye ni afisa mwenye digrii na mshahara mara kadhaa ya wake, akifika pale anamkuta huyu dogo, na hawashi injini mpaka dogo atoe ishara. Jina la dogo limeandikwa kwa rangi ubavuni mwa ndege, kama lilivyoandikwa la rubani.

Tulia hapo kidogo. Huku kwetu kijana wa miaka 23 anaomba kazi ya kupanga bidhaa dukani anaambiwa alete uzoefu wa miaka mitano. Kule wa miaka 20 anakabidhiwa ndege ya mamilioni ya dola na uhai wa waliomo ndani. Siyo kwamba ubongo wake umeumbwa kwa udongo tofauti. Amefundishwa, amesimamiwa miezi kadhaa na aliyemtangulia, amepimwa, kisha ameachiwa. Hiyo ndiyo siri yote.

Lakini ukitaka kuelewa utamaduni wa watu hawa usianze na ndege za kivita. Zile zina mashabiki wa kutosha. Anza na Hawkeye. Ndiyo ile ndege ya propela mbili iliyobeba mgongoni rada ya mviringo yenye upana wa mita saba na ushee, kama sufuria ya harusi iliyofunikwa. Kazi yake ni kukaa juu kwa saa nyingi ikiangalia mbali na kuwaambia wengine adui yuko wapi, na nani aende wapi. Ndani wako watu watano, marubani wawili na maafisa watatu wa rada. Hawana viti vya kujirusha nje kama wale wa ndege za kivita. Kwenye Maverick inaonekana kidogo tu, kisha unaisikia kwenye redio. Hiyo ndiyo sehemu yao katika umaarufu wote.

Kila manowari huwa na Hawkeye nne au tano pekee kati ya ndege zaidi ya sitini. Makao yao makubwa ni Norfolk na Point Mugu huko Marekani, na Iwakuni, Japani. Marubani wao wote hupitia kikosi kimoja cha mafunzo Norfolk. Kwa hivyo hii ni jamii ndogo kabisa. Kila mtu anamjua mtu aliyemjua mtu. Ukifanya kituko leo Japani, wiki ijayo kinachekwa Virginia.

Na kuchekwa ndiko kunakokupa jina. Unadhani majina yale ya Maverick na Iceman mtu hujichagulia? Wapi. Wenzako ndio hukubatiza, na mara nyingi ni kwa aibu uliyofanya au jina lako la ukoo likigeuzwa mzaha. Ukilalamika unapewa baya zaidi. Kama umekulia mtaani unajua hesabu hii. Yule jamaa mnayemwita Sukuma Wiki tangu darasa la nne hakuomba, na hata akifungua kampuni bado ni Sukuma Wiki.

Mfano wa watu hawa ni Miroslav Zilberman. Alizaliwa Kyiv, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, akaingia jeshi la majini kama baharia wa kawaida, baadaye akapanda hadi kuwa afisa na rubani wa Hawkeye. Machi 2010 alikuwa akirudi kwenye manowari ya Eisenhower juu ya Bahari ya Arabu injini moja ilipoharibika. Aliamuru wenzake watatu waruke kwa miavuli, naye akabaki akiishika ndege isipinduke mpaka wote watoke. Watatu waliokolewa. Yeye hakutoka. Alikuwa na miaka 31. Alitunukiwa nishani baada ya kifo. Huwezi kununua tiketi ya sinema kumtazama.

Miaka sita baadaye, Machi 2016, Hawkeye nyingine ilitua kwenye Eisenhower hiyohiyo na kunasa kebo. Kebo ikakatika. Video iko mtandaoni, itafute: ndege inateleza hadi ukingoni, inadondoka, inapotea machoni, halafu inaibuka polepole mbele ya meli ikiwa imenusurika kugusa maji. Kila mtu huitazama ndege. Mimi naomba utazame sitaha. Kebo iliyokatika ilirudi nyuma kama mjeledi na kujeruhi mabaharia wanane. Uchunguzi ulisema chanzo ni hatua moja muhimu iliyorukwa na mafundi kwenye matengenezo ya mtambo wa kebo.

Hatua moja. Ndio maana kila siku wanajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, upana wote wa sitaha, na kutembea polepole wakiokota skrubu, mawe madogo, vipande vya waya, chochote ambacho injini inaweza kumeza. Hata mwenye cheo anainama. Ukitaka kunieleza maana ya kazi ya timu, usinipeleke kwenye semina hotelini Naivasha. Nipe hiyo.

Kitu kingine ambacho ningekiiba kesho asubuhi ni ubao wao wa alama. Kila kutua kunapewa alama na rubani mwenzao aliyesimama ukingoni mwa sitaha akitazama. Baada ya kutua anakufuata kwenye chumba chenu na kukusomea mbele ya wote: ulikuja chini sana, ulichelewa kurekebisha, ulinasa kebo ipi. Kisha alama inabandikwa ukutani kwa rangi. Kijani ni safi. Kila mtu anaona, na kamanda wa kikosi naye jina lake liko hapo na rangi zake mbaya zikiwapo. Huku kwetu mkubwa akikosea tunaambiwa ni changamoto za mfumo, na wewe wa mafunzo ya kazini ukikosea unafukuzwa. Nimefanya kazi ofisi moja mjini (siitaji) ambapo miezi minane yote sikuwahi kuambiwa ninafanya vizuri au vibaya. Siku ya mwisho ndio nilijua. Afadhali ubao.

Haya, sasa upande wa pili. Nisipousema nitakuwa ninawafanyia kazi ya matangazo.

Maisha ndani ya meli ni magumu. Vitanda vya tabaka tatu, makumi ya watu chumba kimoja, zamu za saa 12, na juu yako manati inagonga usiku kucha. Bia ni marufuku, isipokuwa ukikaa baharini siku 45 mfululizo unaruhusiwa makopo mawili. Hayo wanayavumilia na hata kuyafanyia mzaha, kwa sababu kuna kazi na kila mtu anaona maana yake. Kinachowavunja ni wakati ambapo kazi haina maana na hakuna anayewajali.

Manowari ya George Washington iliingia gereji kubwa huko Newport News, Virginia, mwaka wa 2017 kwa ukarabati uliopangwa wa miaka minne. Ilitoka 2023. Vijana waliopangiwa meli hiyo walijikuta wakiishi ndani ya mjengo: makelele mchana na usiku, maji moto yanakatika, umeme unapotea, maegesho ya magari yako mbali. Wapo waliolala kwenye magari yao. Hakuna ndege, hakuna bahari, hakuna jezi ya maana. Aprili 2022, mabaharia watatu wa meli hiyo walijitoa uhai ndani ya wiki moja. Mmoja alikuwa na miaka 19.

Kiongozi mmoja mkubwa wa mabaharia alikwenda kuzungumza nao. Walipolalamikia makazi, akawaambia angalau hawalali kwenye handaki kama Marine. Unaisikia hiyo sauti? Ni sauti ya mjomba kwenye mazishi akikuambia yeye alienda shule kilomita kumi bila viatu. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa na uwezo wa kuwatafutia mahali pa kulala, na baada ya vifo hivyo ndipo zaidi ya mia mbili walihamishwa kutoka ndani ya meli. Vitanda vilikuwapo muda wote.

Ndiyo maana simwamini mtu anayesifu jinsi vijana wanavyokabidhiwa majukumu bila kusema wanalala wapi. Jukumu bila matunzo ni kutumiwa tu, hata ukipewa jezi nzuri.

Wapo wakubwa walioelewa. Machi 2020, korona ilipoingia manowari ya Theodore Roosevelt, nahodha Brett Crozier aliandika barua akiomba vijana wake washushwe nchi kavu Guam, maana hatukuwa vitani na hapakuwa na sababu ya mtu kufa. Barua ikavuja, akaondolewa kazini. Alipokuwa akishuka, mabaharia kwa mamia walijazana na kuimba jina lake. Kaimu waziri aliyemtoa akasafiri hadi Guam kumtukana kwenye spika za meli, na baada ya siku chache yeye mwenyewe akajiuzulu. Zaidi ya mabaharia 1,000 waliambukizwa, na mmoja alifariki. Crozier hakurudishiwa meli yake. Mimi ningependa kufanya kazi chini ya mtu kama huyo, hata akinipa kazi ya kukwangua rangi.

Najua wengine mnasoma hii na mna sababu zenu. Meli za Marekani si ngeni kwetu. Tangu mkataba wa 1980 zimekuwa zikitia nanga Mombasa, na waliokulia Kisiwani miaka hiyo wana hadithi ambazo haziwezi kuchapishwa hapa. Na kwa miaka mingi Wakenya wamekuwa wakijaza bahati nasibu ya green card, na wengine waliopata wakaishia kwenye ofisi ya kuandikisha wanamaji. Sikukatazi. Mtu anatafuta maisha.

Ila ingia ukijua. Green card inakuingiza kama baharia wa kawaida. Afisa, na kwa hivyo rubani, lazima awe raia na awe na digrii. Kazi nyingi za siri, zikiwemo nyingi za rada, zinasubiri uraia. Wapo waliotia sahihi bila kuchaguliwa fani, wakakuta miezi yao ya kwanza ni ya brashi na rangi. Basi mwulize anayekuandikisha, kwa upole lakini mpaka ajibu: fani yangu ni ipi na imeandikwa wapi kwenye karatasi? Nani atanifundisha, kwa muda gani? Meli nitakayopangiwa iko baharini au iko gereji? Na kama iko gereji, kitanda changu kiko wapi?

Hilo la mwisho lisiache kuulizwa hata akitazama saa.